Kwaya Iliyosubiri Mtihani wa Kilatini

Nasikia mmeanza kutafuna kalamu. Mwalimu wenu, ambaye zamani alikuwa mwanafunzi wangu na alizitafuna vilevile, alinipigia simu juzi. "Mama Felisita," akasema, "vijana wangu wanakaribia mtihani wa mwisho wa Kilatini cha mwanzo, na wamepauka kama unga wa muhogo. Tafadhali waandikie maneno mawili matatu." Nikamwambia maneno mawili matatu ya Kilatini yanahitaji kurasa kumi za maelezo. Hakucheka. Nadhani naye anauogopa mtihani huo kuliko ninyi.

Basi nawaandikia nikiwa Kabuga, nilikohamia baada ya kustaafu. Nina ua mdogo na kuku wachache. Majike ni wa kundi la kwanza la majina ya Kilatini, jogoo ni wa kundi la pili, na mayai yao ni ya jinsia ya kati. Aliyecheka hapo, huyo amesoma. Ambaye hakucheka arudi kwenye ukurasa wa kwanza wa kitabu chake, halafu aje tuendelee.

Kwanza toeni vitambulisho vyenu mvisome. Kila mwaka niliofundisha hapa Kigali alikuja kijana mmoja, akaketi nyuma kabisa, akaniambia Kilatini ni lugha ya watu waliokufa na haimhusu. Namwuliza jina lake. "Innocent." Namwambia, maana yake ni asiyedhuru. Na huyo jirani yako? "Clément." Mpole. Na yule dada dirishani? "Consolata." Aliyefarijiwa, ingawa kwa uso alionao leo bado hajafarijiwa. Mama zenu waliwabatiza kwa Kilatini, mkakibeba mfukoni kila mnapopanda basi, kisha mnakuja kwangu mkiapa kwamba hamjawahi kukutana nacho.

Chuo chetu kilikuwa kidogo, nyuma ya mtaa wa Gisimenti, ghorofa ya juu. Chini yetu palikuwa na mgahawa wa mishikaki. Jioni, darasa likianza, moshi wa mbuzi ulipanda na kuingia madirishani, na baa ya jirani ikaanza kujaribu spika zake. Wanafunzi wangu walijifunza vitenzi wakimeza mate. Walikuwa watu wa kila aina: vijana waliotaka kwenda seminari, wanafunzi wa sheria waliochoka kutupiwa na walimu wao misemo wasiyoielewa, wauguzi, na mwaka mmoja fundi wa meno ambaye hadi leo sijui alikuja kutafuta nini. Alipita vizuri sana, hata hivyo.

Mimi Kilatini nilikipata Karagwe, Tanzania, wazazi wangu walikokimbilia na mimi nikazaliwa. Aliyenifundisha alikuwa mtawa mmoja, Sista Gaudensia. Hakuwa na darasa. Alikuwa na jiko. Nilimsaidia kumenya ndizi za jioni, naye ananisomea sentensi, na mimi naitafsiri kisu kikiwa mkononi. Nikianza na neno la kwanza, kwa kuwa ndilo la kwanza, alinirushia ganda. "Hujui nani kafanya nini, tayari unatafsiri!" anasema. "Tafuta kitenzi. Ukishakipata kitenzi, wengine watakuja wenyewe." Nilikuwa na madoa ya utomvu wa ndizi kwenye magauni yangu yote. Lakini tangu hapo sijawahi kuanza sentensi ya Kilatini kwa upande usiofaa.

Nyakati zilibadilika. Mimi nilipoanza kufundisha, watu walikariri. Darasa zima liliimba majedwali kama watoto wanaocheza, na ukiwapa sentensi moja ya kweli wanakodoa macho. Baadaye zikaja fotokopi, kisha zikaja simu. Clément, mwanafunzi wa sheria ambaye habari zake nitazisema sasa hivi, aliniletea kazi ya nyumbani iliyotafsiriwa kwa lugha tamu kuliko ninavyoweza mimi mwenyewe. Nikafurahi. Nikamwambia, "Vizuri sana mwanangu, sasa nionyeshe kitenzi kiko wapi." Aliiangalia sentensi muda mrefu, kisha akaweka kidole chake, kwa heshima kubwa, juu ya mkato.

Simu ni nzuri. Mimi mwenyewe ninayo, inaniambia kama mvua itanyesha. Lakini kwenye chumba cha mtihani mtaiacha mlangoni, na mkato hautawasaidia.

Sasa niwaambie habari za Donata.

Ilikuwa miaka michache kabla sijastaafu. Siku ya kwanza ya muhula aliingia mama mmoja mnene, mrefu, amevaa kitenge cha tausi na kilemba chake, na darasa zima likasimama. Walidhani ndiye mwalimu. Mimi nilikuwa tayari nimekaa mbele, na hakuna aliyenisimamia. Yule mama akawapungia mkono waketi, kama mtu aliyezoea kusimamiwa, halafu akaja akaketi kwenye dawati la wanafunzi. Alikuwa na wajukuu. Aliuza vitenge sokoni Kimironko, na alikulia Bujumbura, kwa hiyo Kiswahili chake kilikuwa kile cha kule, kilichochanganyika na cha hapa.

Nilipomwuliza kwa nini amekuja, alinijibu hivi:

"Mwarimu, mimi naongoza kwaya ya parokia. Tunaimba Kilatini tangu Bujumbura, tangu wakati wa wazazi. Sasa tumepata padri mpya, kijana kabisa. Ametuuliza, 'Mnaimba nini?' Tukamwambia, tunaimba vizuri. Akasema, 'Sikuuliza mnaimbaje.'"

Darasa likacheka. Yeye hakucheka.

"Akasema hataki watu waimbe kanisani maneno wasiyojua. Mmoja wetu asome, afanye mtihani, apite, ndiyo afundishe wengine maana. Kama hakuna atakayepita, Kilatini kiishe, tuimbe Kinyarwanda peke yake. Kinyarwanda ni kizuri, Mwarimu, sisemi. Lakini iko wazee pale, hizo nyimbo ndizo walizunguka nazo kila mahali. Nyumba waliacha, nyimbo hawakuacha. Nitawaambia nini?"

"Na kwaya yote ikakuchagua wewe?"

"Nilikuwa nimeenda chooni. Nikarudi, nikakuta wamenichagua."

Ndivyo nilivyompata Donata, na jina lake, kwa taarifa yenu, maana yake ni aliyetolewa zawadi. Wiki za kwanza nilijiuliza nani amenitolea zawadi hii na kwa kosa gani.

Maana yule mama alikuwa anajua Kilatini kingi mno, na hakuna hata neno moja alilolijua. Ungempa nota ya kwanza, angeimba sala ndefu bila kukosea. Ungemwambia aiandike, angeandika neno moja refu kutoka ukingo huu wa ukurasa hadi ule, bila nafasi, kama treni. Wapi neno linaisha na wapi jingine linaanza hakujua, kwa sababu kwenye wimbo pumzi ndiyo inayogawa.

Na alikuwa na ugonjwa wa pili, ambao hata ninyi mnao, msijifiche. Alikuwa anakisia. Niliandika ubaoni *Agricola canem mordet.* Nikamwambia atafsiri.

"Mbwa anamuuma mkulima," akasema bila kusita.

"Umeliona wapi hilo?"

"Mwarimu, *canis* ni mbwa, tumesoma. *Agricola* ni mkulima. Kuuma ni kuuma. Sasa kati ya hao wawili nani anauma mwenzake?"

"Hapa mkulima ndiye anayemuuma mbwa."

Alinitazama kwa huruma. "Mkulima wa wapi huyo?"

Nilimweleza, kama ninavyowaeleza ninyi, kwamba Mlatini hajali nani kakaa mbele na nani kakaa nyuma. Kwetu ukisema mbwa amemuuma mkulima, ukageuza, umebadilisha kesi. Kwake unaweza kuwapanga unavyotaka. Anachoangalia ni mwisho wa neno. Hiyo *-em* ya *canem* ndiyo inayomsaliti mbwa kwamba ndiye anayeumwa.

"Basi hii maneno iko na mikia," akasema.

"Ina mikia."

"Mikia mingi."

"Sana."

Akaguna. Lakini nilipomwonyesha vitenzi, uso wake ulibadilika. Nilimwambia: sisi tunasema ninapenda, unapenda, anapenda. Anayependa tunamweka mbele ya neno. Wao wanamweka nyuma: *amo, amas, amat.* Hiyo *-t* mwishoni ni *a-* yetu ya mwanzoni. Kazi ni ileile, ila imehama. Akasema polepole, "Yego, ndiyo," akarudia, "*Amat.* Anapenda. *Cantat.* Anaimba. *Portat.* Anabeba. Kumbe ni sisi, tumegeuzwa tu." Vijana, mpaka leo sijasikia maelezo bora ya kitenzi cha Kilatini kuliko hayo. Mkisahau kila kitu siku ya mtihani, tafuteni hiyo *-t*. Ukiiona, umeshajua kuna mtu mmoja anafanya jambo. Sasa kamtafute ni nani.

Msimu wa harusi ulipoanza, Donata akakosa nafasi ya kuja masomo ya ziada. Wateja walikuwa wanapanga mstari kutaka sare. Mimi nikamfuata Kimironko. Clément naye alipanga chumba karibu na soko, nikamwambia aje, kwa sababu yeye alikuwa na tatizo kinyume na la mwenzake: majedwali aliyajua yote kichwani, lakini sentensi ikisomwa kwa sauti hasikii kitu. Nikawaunganisha, mmoja masikio, mwingine kumbukumbu. Tukakaa watatu kwenye mabenchi kati ya marobota ya vitenge, Donata akipima kitambaa huku Clément akimwuliza maswali.

"Wingi wa *regina*?"

"*Reginae.* Mama, hii ni kitenge ya nta halisi, shika mwenyewe. Haichuji."

"Umiliki, wingi?"

"*Reginarum.* Ukichukua na ya mumeo nakupunguzia."

Mteja mmoja aliwatazama wote wawili, akamwuliza Clément, "Hicho ni Kiswahili cha wapi?"

"Cha Roma," Clément akasema.

"Ndiyo maana sikielewi," yule mteja akasema, akaendelea kuchagua rangi.

Ni palepale sokoni Donata alipoelewa kivumishi. Nilikuwa nimehangaika kumweleza kwa nini tunasema *agricola bonus* na si *agricola bona*, wakati *agricola* linaishia kama jina la kike. Aliacha mkasi. "Ngoja. Kwenye harusi wasimamizi wote wanavaa kitenge kimoja, si ndiyo? Lakini fundi hamshonei mwanamume gauni. Kitambaa ni kimoja, mshono ni mbalimbali." Nikamwambia ndiyo, ndivyo hasa. Mkulima ni mwanamume, hata kama jina lake limeishia kike; kivumishi kinamfuata mtu mwenyewe, hakifuati sauti ya jina lake. Clément akamkodolea macho Donata, kisha akaniangalia mimi, kama mtu anayeuliza kwa nini haikuelezwa hivyo tangu mwanzo.

Mkidhani kwamba baada ya hapo mambo yalikwenda sawa, hamjawahi kujiandaa kwa mtihani. Muhula ulipokaribia kwisha niliwapa mtihani wa majaribio. Clément alipita. Donata alianguka, tena kwa kishindo. Nilikaa na karatasi yake nikaona kosa moja limejirudia kutoka juu mpaka chini: kila sentensi ameitafsiri kama inavyopaswa kuwa duniani. Mtoto anamtii mama. Mbwa analinda nyumba. Mfalme anaadhibu watumwa. Mambo yote mazuri, yote yenye akili, na hakuna hata moja lililoandikwa pale.

Nilimkuta ameketi kwenye ngazi za chuo, kilemba amekivua, amekishika mapajani.

"Mwarimu, niache," akasema. "Nitaenda kumwambia padri tumeshindwa."

"Umeshindwa mara moja, tena ya majaribio."

"Hujaelewa. Nimeimba maisha yangu yote nikikisia. Naangalia uso wa padri, naona kama amehuzunika najua huu ni wimbo wa huzuni. Sijui kuacha. Nikiona maneno mawili ninayoyajua, kichwa kinamaliza chenyewe." Akafuta macho kwa ncha ya kilemba. "Jana wazee wawili wa kwaya walikuja dukani kuniuliza naendeleaje. Niliwaambia vizuri. Walinunua kitenge ambacho hawakihitaji, kwa ajili ya kunipa moyo. Nitawatazamaje?"

Nilirudi nyumbani nikifikiria makisio. Mtu anakisia kwa sababu dunia inamsaidia: anajua mbwa wanauma na wafalme wanaadhibu. Nikasema basi, nitamwondolea dunia. Siku iliyofuata nilimpelekea sokoni karatasi ya sentensi ambazo hakuna mwenye akili timamu angeweza kuzikisia. *Luna capras vendit.* *Asinus magistram docet.* Malkia anakula dirisha. Mashua inamwogopa samaki.

Alisoma ya kwanza. Akaweka kidole kwenye kitenzi, akakipeleka hadi mwisho wa neno. "Anauza," akasema. "Mmoja. Nani? Hii haina *-m* wala *-as*, basi ndiyo yenyewe. *Luna.*" Akakunja uso. "Mwezi unauza... mbuzi?"

"Endelea."

"*Asinus.* Punda. Anafundisha. Anamfundisha nani, hii iko na *-m*..." Akainua macho, akaniona, akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika robota asianguke. "Punda anamfundisha mwarimu! Tena mwarimu wa kike! Mwarimu, umejiandika mwenyewe!"

Majirani wa mabanda walikuja kuuliza kuna nini. Aliwatafsiria. Nadhani kwa wiki kadhaa soko zima la vitambaa lilinijua kama mama aliyefundishwa na punda. Sikujali. Kila siku nilimpelekea upuuzi mpya, na kila siku alikuwa hana la kushika isipokuwa mikia ya maneno. Jaribuni na ninyi. Acheni kusoma sentensi zile zile za kitabu ambazo mmeshazijua kwa sura. Tungianeni upuuzi. Na msome kwa sauti, hata kama mnaoishi nao watadhani mmepagawa.

Siku ya mtihani ilifika. Nilipofika chuoni nilikuta mgahawa wa chini umejaa watu waliovaa sare ya buluu. Ilikuwa kwaya, nzima, pamoja na wazee. Walikuwa wameagiza chai na hawakuinywa. Mzee mmoja akasimama akanishika mikono miwili.

"Mwalimu, yuko tayari?"

"Yuko tayari."

"Tusali?"

"Salini, mzee. Lakini kwa sauti ya chini, kuna watu wanaandika."

Mtihani wa kuandika ulipita bila habari. Wa mdomo ndio niliouogopa. Mtahini alitoka nje ya chuo: Padri Anselmi, mzee mkavu aliyefundisha seminari miaka mingi Tanzania, na masikio yake yalikuwa makali kwa jambo ambalo sisi hapa tunalichezea, yaani R na L. Ninyi mnajua tunavyozibadilishana. Mimi nilimwonya Donata mara nyingi. Alikuwa ananijibu, "Nimesikia, Mwarimu," kwa R hiyohiyo.

Niliruhusiwa kukaa pembeni, nisiseme kitu. Donata akaingia, akasalimia, akapewa karatasi. Padri akamwambia asome sentensi ya kwanza kwa sauti. Ilikuwa nyepesi, *Regina coronam portat*, malkia amebeba taji. Nikapumua.

Donata akavuta pumzi kama anayeanza wimbo. "*Regina colonam portat.*"

Nilifunga macho.

Padri Anselmi akaweka kalamu chini. "Rudia."

"*Regina colonam portat.*"

"Hivyo ndivyo ulivyosema. Basi nitafsirie ulichosema, usitafsiri kilichoandikwa."

Donata akaangalia karatasi, akamwangalia Padri. Niliona midomo yake ikijaribu, *ro, lo*, na nikaona amejua kosa lake. Nilidhani ataomba radhi, kisha atalia, kisha tutashuka ngazi. Lakini kidole chake kikaanza kutembea kwenye meza, ingawa hapakuwa na maandishi pale.

"*Portat*, anabeba. Mmoja," akasema taratibu. "*Regina*, malkia, haina *-m*, basi ndiye anayebeba. *Colonam*..." Akasimama. "*Colonus* tulisoma. Ni mkulima. Hii ni ya kike, na iko na *-m*." Akainua kichwa. "Malkia amembeba mama mkulima, Padri."

"Kwa nini amembeba?"

"Labda amechoka. Ametoka shambani."

Mzee yule mkavu, ambaye sikuwahi kumwona akitabasamu katika mitihani yote niliyokaa naye, alitoa sauti kama kikohozi. Kisha nyingine. Akavua miwani. "Malkia mwema huyo," akasema alipoweza kusema. "*Regina bona?*"

"*Bona*," Donata akasema. "Huyu ni mwanamke, na mshono ni wa kike."

Padri hakuelewa habari ya mshono, lakini aliandika. Halafu akamtaka asome tena, polepole, ulimi juu. Ilimchukua mara kadhaa. *Coronam* ilipotoka ilitoka kubwa, kwa R iliyonguruma mpaka nadhani ilisikika kwenye mishikaki. Alimpunguzia alama za matamshi, na nyingi tu. Tafsiri alimpa zote.

Donata alipita, si kwa mbali. Clément alipita kwa mbali, akakasirika kwamba hakuna kwaya iliyomsubiri, basi wazee wakamwita aketi nao, wakamlisha mbuzi hadi akasahau. Tuliposhuka, Donata alisimama kwenye ngazi ya mwisho. Akatikisa kichwa tu, juu chini. Wale wazee walitaka kuimba palepale. Akawakataza. "Bado," akasema. "Hamjui maana."

Na aliwafundisha kweli. Jumapili, baada ya Misa, aliwaketisha akawauliza mmoja mmoja, na aliyekisia alirudishwa mwanzo. Niliambiwa mwimbaji mmoja wa besi alianza kukwepa mazoezi, akafuatwa hadi kwake.

Siku moja, muhula mpya ukiwa umeanza, alikuja chuoni mapema kabla ya darasa. Alikuwa na karatasi ya wimbo mmoja wanaouimba mwisho wa Misa ya mazishi, jeneza linapotoka. Alisema anautayarisha kuwafundisha wenzake, ameshaupitia wote, kuna neno moja dogo tu linamsumbua. Limerudi mara nyingi na hajui ni nani.

Akaliwekea kidole. *Te.*

"Ni wewe," nikamwambia. "Anayeambiwa. Malaika wakupeleke *wewe*, wakupokee *wewe*."

"Mimi ninayeimba?"

"Hapana. Yule aliye kwenye jeneza. Wimbo wote unazungumza naye."

Kisha akaniambia jambo ambalo hakuwahi kulitaja mwaka mzima: kwamba alimzika mama yake muda mfupi kabla ya kuja kwangu. Ilikuwa ghafla. Alikuwa safarini kuleta mzigo, akafika kila kitu kimekwisha. Hakuwahi kusema naye hata neno la mwisho. Kanisani aliongoza kwaya mwenyewe, kwa sababu hakuna mwingine aliyeweza kuushika wimbo ule.

"Nilidhani tunamwambia Mungu habari zake," akasema.

"Mlikuwa mnamwambia yeye."

"Yeye mwenyewe? Wewe, wewe, wewe?"

"Kila mara."

Akaukunja ule wimbo polepole, akauweka kifuani. "Basi mama nilimuaga," akasema. "Nilimuaga vizuri kabisa, Mwarimu, na sikujua."

Neno hilo lina herufi mbili. Liko kwenye ukurasa wenu wa viwakilishi, karibu na chini, na nawajua, wengi wenu mmeliruka. Rudini mkalisome.